Jibu la Swali la Saba

Nyumbani kwetu,
Chumba cha mbele,
Jumatano, tarehe 10 Februari.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mwalimu wetu wa Kiswahili husema kwamba barua isiyo na salamu ni sawa na kuingia nyumbani kwa watu bila kubisha hodi, kwa hiyo nabisha hodi kwanza. U hali gani huko uliko? Kile kikohozi tulichokisikia kwenye simu kimekwisha? Mama anauliza kama huko jikoni hospitalini bado mnavaa barakoa mbili mbili, na kama mvuke wa masufuria hauzilowanishi. Anasema usikubali kuvaa barakoa mbichi, utaugua kifua.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Mimi nimerefuka, na Mama ameteremsha pindo la sketi yangu ya shule kwa mara ya pili. Sasa halina tena cha kuteremshwa. Shule zimefunguliwa, ila kila mwanafunzi ana dawati lake peke yake. Mimi na rafiki yangu tunazungumza kwa ishara kama mabubu.

Nimeandika "wazima wa mwili" kwa makusudi, Shangazi. Najua Baba hukwambia kwenye simu kwamba sote hatujambo. Hasemi uongo, ila hulisema jambo nusu. Nusu anayoiacha ni kwamba yeye na Baba Mdogo hawasemeshani, na leo Jumapili nne zimepita.

Ili uelewe, sina budi kuanzia hotelini. Mipaka ilipofungwa kwa sababu ya korona, wageni waliondoka wote ndani ya siku tatu. Wafanyakazi walipewa barua kwamba wako likizo bila malipo "hadi hapo watakapotangaziwa." Barua ya Baba iko ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na cheti changu cha kuzaliwa. Huu ni mwezi wa kumi na moja, na hakuna aliyetangaziwa chochote.

Hata hivyo, kila asubuhi Baba hupiga pasi shati lake, huchukua mkoba wake, na tunatoka pamoja. Kwenye kona mimi nashika njia ya shule, yeye anashika ya hoteli. Mlinzi humfungulia mlango mdogo wa nyuma.

Wakati wa likizo alinichukua nikaone anachofanya huko. Mashine kubwa ya kunyooshea mashuka imefunikwa turubai. Chumba cha kufulia kilichokuwa na joto la kumtoa mtu jasho sasa kina baridi, na ukikohoa, kuta zinakujibu. Tuliingia stoo, ambako mashuka na foronya vimepangwa hadi darini. Baba alishika ncha mbili za shuka, mimi nikashika mbili, tukalikung'uta na kulikunja upya, si palepale lilipokuwa limekunjwa. Akanieleza kwamba shuka likikaa kwenye mkunjo mmoja muda mrefu hushika mstari wa manjano, na mstari huo hautoki kwa sabuni wala kwa dawa. Nilimuuliza ameshakunja mangapi. Akasema, "Yote. Nilimaliza, nimeanza tena." Unakumbuka wenzake walivyomwita Bwana Mashuka? Siku hizi anayemwita hivyo ni mlinzi tu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwezi wa Novemba, ofisi ya takwimu anakofanya kazi Baba Mdogo ilitaka kujua ugonjwa huu umewanyang'anya kazi watu wangapi. Mtaa wetu alipewa yeye. Alipofika kwetu miguu ilikuwa imemvimba kwa kupita nyumba kwa nyumba. Akaomba chai, akanipa kalamu niijaze mimi fomu yetu, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Yeye alisoma maswali, Baba akajibu, mimi nikaandika. Swali la saba liliuliza: Je, mkuu wa kaya ana kazi?

Baba alinyoosha mgongo. "Andika ndiyo," akasema.

Nikaandika Ndiyo, kwa herufi kubwa mwanzoni kama tunavyofundishwa. Baba Mdogo aliinua macho, akamtazama kaka yake, kisha akarudia kikombe chake.

Baadaye nilikuja kujua kwamba mtaa karibu mzima ulijibu kama sisi. Jirani yetu dereva wa watalii, yule tunayemwita Breki, alisema anayo kazi kwa sababu funguo za gari bado zinaning'inia ukutani kwake, ingawa gari lenyewe tajiri ameliweka juu ya mawe na yeye anabeba mifuko ya saruji. Mama wa vinyago alisema anayo kwa sababu duka lake bado lina mlango.

Mwezi uliopita matokeo yalisomwa redioni. Ilikuwa Jumapili, na unajua Jumapili Baba humnyoa mdogo wake, kazi uliyompa wewe wakiwa watoto na hajaiacha hata siku moja. Baba Mdogo alikuwa kitini, taulo shingoni, kisogo kimekwisha kunyolewa. Mtangazaji akasema utalii umetikisika lakini ajira hazikuguswa sana, na kwamba katika mtaa wetu watu tisa katika kila kumi wana kazi. Kwa hiyo unga na mafuta ya msaada vitapelekwa mitaa mingine yenye shida zaidi.

Baba alizima mashine ya kunyolea. "Nani aliwapa hesabu hiyo?"

"Fomu, kaka. Hesabu haidanganyi."

"Haidanganyi! Hebu kapite barabara ya hoteli. Hata paka wa jikoni wamehama."

"Paka hawamo kwenye fomu," alisema Baba Mdogo, na nadhani alitaka kumchekesha. "Hali ni mbaya, sikatai. Lakini si mbaya kama mnavyolia. Wageni watarudi. Mwisho wa mwaka huu utaniambia."

"Mwenye shibe hamjui mwenye njaa."

Neno hilo lilimchoma. Aligeuka na taulo lake shingoni. "Kaka, swali la saba ulijibu nini?"

Baba alipuliza nywele zilizonasa kwenye mashine.

"Nilikuwa kwenye kiti hiki hiki. Ulijibu nini?"

Shangazi, Baba hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, kisha akasema polepole, "Ulitaka niseme nini, na mwanangu ndiye aliyeshika kalamu?"

Baba Mdogo alivua taulo, akaliweka juu ya kiti, akavaa kofia yake na kuondoka, kichwa kimenyolewa nyuma tu. Tangu siku ile hajakanyaga kwetu. Mama alimwomba Breki awasuluhishe, naye akajibu kwamba ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Mama akamwambia, "Wewe hata jembe huna." Tulicheka kidogo, lakini hakwenda.

Mimi ndiye nisiyepata usingizi mzuri. Laiti siku ile ningekuwa jikoni ninaosha vyombo, Baba angejibu lile lililokuwa moyoni mwake. Hajanilaumu hata kwa jicho, na hilo linaniumiza zaidi.

Ijumaa iliyopita nilimwona Baba Mdogo kituoni akisubiri basi. Alivua kofia kunisalimia, na nikaona kichwa kimekuwa kichaka. Hajaenda kwa kinyozi yeyote, Shangazi! Vinyozi wamejaa mpaka mlangoni pa ofisi yake. Aliuliza kama Baba hajambo. Nikamwambia hajambo, anakwenda kazini kila siku. Akashangaa: "Anakwenda kufanya nini?" Nikamweleza habari ya mashuka, na mkunjo, na mstari wa manjano. Kumbe hakujua. Mabasi mawili yalikuja yakaondoka, naye amesimama palepale.

Ndiyo maana nakuandikia. Wewe ndiye dada yao mkubwa, wote wawili bado wanakuogopa. Nakuomba uwapigie simu, mmoja mmoja, uwaambie wayamalize. Tafadhali usiseme ni Chiriku aliyekwambia.

Jumatatu, tarehe 15.

Shangazi, barua ilikawia kwa kukosa bahasha, na sasa nina habari nyingine. Naandika darasani wakati wa mapumziko, kwa hiyo uniwie radhi mwandiko ukiyumba.

Jana Baba Mdogo alikuja. Alisimama nje akapiga hodi mara tatu kama mgeni, kofia kichwani na mkoba wa fomu begani. Baba alimkaribisha bila kutabasamu.

"Nimetumwa, kaka," alisema.

"Na nani?"

"Na mimi mwenyewe."

Kisha akaeleza. Alikuwa amemwandikia mkubwa wake kwamba swali la saba liliulizwa vibaya, kwa kuwa linamuuliza mtu kama ana kazi, halimuulizi kama kazi hiyo inamlisha. Mkubwa hakufurahi, lakini amemruhusu arudie mtaa wetu, Jumapili, kwa muda wake mwenyewe. Fomu ilikuwa ile ile, ila chini ya swali la saba alikuwa ameongeza mstari mmoja kwa mkono, wa kujibia kama kazi hiyo inamlisha mtu.

Niliinuka niende jikoni. Niliona safari hii ni lazima Baba apate nafasi.

"Chiriku, unakwenda wapi?" Baba akaniita. "Rudi uketi. Baba yako mdogo ana mwandiko wa kuku. Shika kalamu wewe."

Tuliandika la kwanza hadi la sita bila mtu kunyanyua uso. La saba, Baba Mdogo alilisoma kwa sauti ndogo, akakatikia njiani, akaanza tena. Baba alinyoosha mgongo kama siku ile. Akanitazama.

"Andika hapana."

Nilishika kalamu tu.

"Andika, mwanangu. Anza na herufi kubwa, kama ulivyoandika ile ya kwanza."

Nikaandika Hapana. Mstari sikuuona vizuri, lakini nadhani nimeandika juu yake. Kwenye ule mstari wa nyongeza Baba alisema niandike, "Alikuwa dobi mkuu, miaka kumi na tisa." Baba Mdogo hakusema kwamba nafasi hiyo si ya kuandikia hayo. Aliikunja fomu na kuiweka kwenye mfuko wa shati badala ya mkoba.

Hatimaye Baba akasema, "Vua kofia."

Akavua.

"Mungu wangu! Na kichwa hiki ndicho unachoingia nacho ofisini? Wakikuhesabu watakuandika watu wawili."

Mama alicheka huko jikoni, cheko ambalo sijalisikia tangu mwaka jana. Mimi nilikimbia kuleta taulo. Usidhani wamekubaliana, Shangazi. Mashine ikinguruma, ubishi ukaanza palepale ulipokatikia. "Wageni watarudi, kaka, mwisho wa mwaka." "Watarudi wanikute na mvi. Inama." "Wewe umekata tamaa." "Nimekwambia inama, nitakukata sikio." Nywele ziliisha, ubishi haukuisha, na chai akanywa vikombe viwili.

Leo asubuhi Baba alipiga pasi shati lake kama kawaida, akalivaa, akachukua mkoba, akafika mlangoni. Hapo akasimama. Kisha akautundika mkoba kwenye msumari wake na kuketi, akinitazama nikifunga kamba za viatu. Sikujua nimuage vipi. Sijawahi kumuaga, kwa sababu siku zote tunatoka pamoja.

Nilipofika mlangoni akaniambia nimsubiri. Akasema atapita kwenye zahanati iliyo nyuma ya shule yetu, awaulize kama wanahitaji mtu wa kufua. "Shuka la mgonjwa nalo ni shuka," alisema. Hakusema kama watamchukua, nami sikuuliza. Tulikwenda hadi kwenye kona, na safari hii tukashika njia moja. Mkoba hakuuchukua, na mikono yake ilikuwa haijui ikae wapi, kwa hiyo nilimpa daftari langu moja anishikie.

Kwa hiyo usiwagombeze tena. Lakini piga simu tafadhali. Baba akikwambia hajambo, mpe muda kidogo kabla hujaaga.

Mama anakusalimu sana, na anakukumbusha habari ya barakoa. Baba Mdogo anakusalimu, kichwa chake sasa kinang'aa. Breki anasema ukija atakupokea kwa gari, gari likishuka kwenye mawe. Wasalimie mapacha wako, na mzee wa nyumba, mwambie redio aliyotuachia bado inasema, ila si yote tunayaamini.

Mungu akukinge na ugonjwa huo, aipe nguvu mikono yako, na afungue njia uje tukuone kwa macho. Karatasi hii nimeikunja kama Baba alivyonifundisha. Ukimaliza kuisoma, ikunje mahali pengine, isije ikashika mstari.

Ni mimi nikupendaye daima, binti wa kaka yako,

Chiriku.