Tawi la Mama Yako

Binti yangu,

Chai iko kwenye chupa. Redio nimeizima, na fundi wa jirani amekubali kuacha kugonga mabati hadi mchana ili urekodi upya.

Asubuhi nilipokucheka ukiongea peke yako, "Unagombana na ukuta?" sikujua unaingiza sauti kwenye ile ramani ya mawazo, mchoro wenye matawi, uliyoigeuza slaidi za chuo. Ulipojifungia chumbani ukilia, niliisikiliza rekodi kwenye kompyuta yako. Katikati umeandika "Uzazi salama". Matawi yote yalikwenda vizuri, mpaka uliposema mama yako alifariki akikuzaa. Papo hapo kikaingia kicheko changu.

~~Liondoe hilo tawi, linaumiza.~~ Liache.

Nisamehe, mwanangu. Jioni niulize habari za mama yako. Safari hii nitajibu.

Baba