Bundi wa Kitabuni, Inzi wa Kikombeni

Itaka, Jumanne jioni, wiki ya kuchuma kahawa

Kitabu cha padri ndicho kilichoniharibia siku. Alinipa nitafute humo somo la viumbe kwa darasa langu. Ukurasa mmoja una bundi wa kisiwa cha mbali. Imebaki picha tu, maana watu waliofika kwa meli walimmaliza. Ukurasa unaofuata una inzi wa nyumbani, huyu huyu anayetembea mkononi mwangu sasa. Yeye yuko kila nchi, na ndiye anayetoa ugonjwa wa kuhara chooni na kuuleta kwenye chakula.

Nilifunga kitabu. Watoto wakauliza, "Mwalimu, somo limekwisha?" Nikawatuma wakapalilie.

Mwaka jana Eliza wetu alipoanza kuhara, bundi alilia juu ya paa. Mimi, mwalimu niliyebatizwa, nilichukua kijinga cha moto kama baba alivyokuwa akifanya, nikamtupia. Asubuhi tulimkuta amekufa chini ya mti wa kahawa. Mke wangu akasema, "Sasa mtoto atapona." Tukampa uji.

Inzi walikuwa wamejaa ukingoni mwa kikombe. Niliwapunga kwa mkono tu, akanywa.

Tulimzika Ijumaa.

Tangu hapo sijasikia bundi hapa kwetu. Mke wangu bado anasema tulichelewa kumuua. Leo nilipofunika kikombe chake kwa kisahani, alinitazama akingoja nieleze. Nikamwambia chai itapoa.