Kompyuta Nimeondoka Nayo

Binti yangu,

Chakula kiko jikoni, kipashe moto. Nguo zianue kabla ya mvua.

Kompyuta yako nimeondoka nayo. Asubuhi niliwapigia tena huduma kwa wateja wa duka tulikoinunua. Bwana mmoja akaniambia nijaze fomu ya malalamiko kwa kompyuta hiyohiyo. Hiyohiyo isiyowaka! Nilipocheka, akasema, "Basi mama, mwanao ameimwagia chai." Maneno yaleyale niliyokurushia mimi jana. Kuyasikia kwa mtu asiyekujua, damu ikanichemka.

Nimebeba risiti, boksi na kigoda. Nitakaa mlangoni pao mpaka watoe nyingine. Ijumaa unawasilisha kazi yako ya chuo, na utaiwasilisha.

~~Nitarudi saa nane.~~ Msinisubiri.

Jana nilikulaumu mbele ya kaka yako. Msomee kikaratasi hiki, kwa sauti.

Mama