Kitabu cha Tembo Asiyelia

Mshauri, nakuandikia nimefura kwa hasira, naomba unisaidie kabla sijavunja undugu. Mimi ni fundi cherehani, shule niliishia darasa la saba, lakini binti yangu wa miaka mitano anazijua herufi zote, na sijisifu, muulize mwalimu wake. Mwaka jana wifi yangu alimletea kitabu cha picha, kuna tembo mdogo anaanguka, anachomwa miiba, halii hata mara moja, mwishoni wanyama wote wanampigia makofi, nami nikakipenda, kila jioni nikawa namsomea huku nanguruma kama tembo mwenyewe, mtoto akaacha kabisa kulia, wateja wakambatiza Chuma, nami kwa raha zangu nikawa nawaambia, "Mfinyeni muone!" Wiki iliyopita akakanyaga sindano ya cherehani, ikamkatikia kisiginoni, siku tatu anatembea kwa vidole na kusema anacheza, mpaka mguu ukavimba, daktari akampasua, na mtoto akauma shuka kimya. Nikamuuliza mbona hukuniambia? Akasema, "Chuma halii, mama."

Nilimpigia wifi, nikamwambia asikanyage kwangu na vitabu vyake. Akanijibu, "Kitabu nilileta mimi, 'mfinyeni' alisema nani?" Kitabu nimekichana. Mume wangu hasemi nami. Mtoto kama huyu, mwenye akili hivi, nimsomee nini cha kumfunza maisha?

Mama Chuma

JIBU: Pole ya mguu nampa mtoto. Wewe nakugombeza. Wifi yako alikosea siku moja, alinunua bila kusoma. Wewe umesoma mwaka mzima, usijiulize huyo tembo mama yake yuko wapi? Kitambaa cha mteja unakikagua uzi kwa uzi, kitabu cha mwanao unakipokea kwa uzuri wa jalada! Halafu unamtoa afinywe upate sifa. Mwanamke, una wazimu?

Najua unampenda, barua nzima inanukia mapenzi. Ndiyo maana nakasirika.

Ukienda dukani, simama hapo hapo usome kitabu chote, kurasa zenyewe hazijazi hata mkono. Mtoto wa humo akiumia, yupo anayemsikiliza? Akikosea, anasamehewa? Kama hakuna, rudisha kwenye rafu hata kama picha zinang'aa. Ukimsomea, muulize, "Wewe ungefanyaje?" kisha ufunge mdomo, najua itakuwia vigumu. Wifi mwombe radhi, mwende naye dukani, na mtoto achague.

Lakini hayo baadaye. Jina la Chuma life leo, na mteja atakayelitamka mrudishie kitambaa chake. Bandeji ikibadilishwa, zima cherehani, mpakate, mwambie, "Mama alikosea. Ukiumia, lia, nitakuja." Na akianza kulia usimharakishe anyamaze. Ana machozi ya mwaka mzima, mwache ayamalize.