Sura Yako Sitaiweka Kwenye Jalada

Kaka Bahati mpendwa,

Toleo la tatu la gazeti letu liko tayari, na silali vizuri tangu Papa Dieudo, anayetuchapishia, aliposhauri tuweke picha yako kwenye jalada. "Itauzika," alisema, "na muntu mwenye alimuona atasema." Ana nia njema.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulisema watu wa vilima vya Masisi na watu wa pori la Walikale wanauziana maharagwe na mawese, ila hawajuani habari. Ndipo tukalipa gazeti jina la Kilima na Pori. Tulidhani kazi ngumu ni kuandika. Kumbe ni kuuza! Hapa Bihambwe mtu akiona karatasi iliyochapwa anajua imetoka kwa shirika ao kwa mwanasiasa, na zote ni za bure. Yule mama muuza ndizi alikuuliza, "Munatafuta kura?" Ukamjibu tunatafuta msomaji. Alikuhurumia, akakupa ndizi, gazeti akalirudisha.

Halafu lile jalada la kwanza. Sura ya Mama Rozina, yule mkulima jirani yetu, peke yake, nyeusi na nyeupe, ndani ya fremu nyeusi, tukaibandika mlangoni pa kanisa. Sisi tuliona urembo. Waumini waliona tangazo la kifo, maana kwetu sura ikibandikwa hivyo mwenyewe amekwisha kufa. Hadi wakwe zake wa Burungu walifika na kuni na maharagwe ya matanga, wakilia tangu barabarani. Mama Rozina akatokea shambani na jembe lake.

"Kama nilikufa, nani iko anawaangalia? Na haya maharagi nani atapika?"

Watu walicheka, wakala, kisha kila mmoja akataka kuliona gazeti lililomwua Mama Rozina. Magazeti yaliisha yote. Hatujauza vile tena, na wewe ulicheka hadi ukakaa chini.

Sasa sicheki. Ulipanda pikipiki na mfuko wa toleo la pili kwenda Mpofi, upande wa Walikale, kwa sababu gazeti lenye pori kwenye jina haliwezi kuuzwa kilimani tu. Nilikuomba usubiri njia itulie. Ukasema, "Mudogo wangu, tukingoja njia itulie, tutauzia mbinguni." Ulipiga simu mara moja tu kutoka huko: watu walikuwa wakilalamika kwamba habari za pori tumezitupa kurasa za nyuma. Ulifurahi sana, ukasema asiyejali hagombi. Kisha mapigano yakarudi, mtandao ukakatika, na tangu hapo hakuna anayejua uliko. Wanaotoka upande huo wanasema watu wa Mpofi walitawanyika porini. Kila pikipiki ikisimama nje, natoka kutazama.

Jana nilimwonyesha Mama jalada lenye sura yako. Hakulishika.

"Toa hiyo picha," alisema. "Mutoto wangu sijamulilia. Usinianzishie kilio."

Nikaitoa. Naogopa nimekosea, kaka. Labda yuko mtu mahali fulani ambaye angekutambua. Lakini naogopa zaidi kuwaona majirani wakiingia uani kwetu na kuni, na Mama akiwatazama.

Kwa hiyo jaladani kuna njia inayoshuka Walikale, haina mtu. Papa Dieudo anasema halitavutia wanunuzi, na huenda ni kweli. Motari mmoja, dereva wa pikipiki, amekubali kubeba mfuko mpaka pale atakapoweza kufika, ila ananiuliza atajibu nini wenye silaha wakimsimamisha na kudai karatasi hizi ni za upande gani. Nimemwambia aseme ni za maharagwe na mawese. Sijui kama wataamini.

Leo asubuhi Papa Dieudo alikuwa akimalizia ukurasa wa mwisho, pale tunapotaja wauzaji wetu. Akafika kwenye maneno "Mpofi: ulizia Bahati." Akaniangalia, akataka kuyafuta.

"Acha," nikamwambia.

"Furaha, lakini watu watamutafuta huko."

"Njo vile nataka."

Kaka, ukisikia mtu anakuulizia, itika.

Mdogo wako,
Furaha