Umetoka mu Grupu Bila Kuaga

Perpétue,

Wewe mwanamuke mukubwa, mwenye wajukuu, nani alikufundisha kutoka mahali watu wamekaa bila kuaga? Deborah alinisomea kwenye telefone kwamba Perpétue ametoka mu grupu. Nikamuuliza ametoka kwenda wapi. Akasema ametoka tu. Nikasema hapana, mudogo wangu hawezi kutoka tu, labda ameenda kuangalia maziwa kwenye moto, atarudi. Tukangoja. Hukurudi. Mama yetu angekuwa muzima angekutandika, na mvi zako zote hizo.

Haya, pokea salamu zangu. Magoti yako yanasemaje? Ile dawa niliyokutumia umeipaka, ao umeiweka dirishani ikauke kama ile ingine? Ng'ombe wako wamebaki, ao wenye bunduki wamekula hata wale wazee? Sisi huku Ndosho tunapumua, Mungu asifiwe. Mabomu tuliyasikia, kisha yakanyamaza, sasa kila mutu anauliza mwenzake nani anaamuru, na hakuna anayejibu kwa sauti. Deborah mjukuu wangu alishikwa na malaria, amepona. Mugongo wangu ni ule ule.

Nakuandikia kwa karatasi, na mukono wangu mwenyewe, na haya maandishi niliyojifunzia parokia. Usicheke. Barthélemy anayebeba jibini, hizi fromaji zetu, atakuletea hii barua ndani ya kitunga chake akipanda huko kwenu Masisi. Sikutaka kusema kwa telefone, kwa sababu kitu unachosema mule kinasikiwa na kila mutu, hata yule uliyekuwa unamusengenya.

Hii formasio ya Watsapu mpaka leo sijaielewa, Perpétue. Wewe ulikuwa mwanafunzi, labda ulielewa. Papa Hilaire wa depo ya fromaji alikuja hapa kwangu akasema barabara imekatika, wafanyakazi wapya wa fromaji hawawezi kushuka Goma kujifunza, basi tutawafundisha kwa telefone: mimi nitapika maziwa, Deborah atapiga video, na wao watatazama kule kule mulimani. Nikavaa kitenge changu kipya na kitambaa cha kichwa cha Pasaka. Kumbe video ni ya mikono tu! Papa Hilaire alisema kwa hizi vita haifai sura ya mutu itembee mu telefone za watu. Basi kitenge nilikivalia sufuria.

Nasalimia telefone, hainijibu. Nauliza mumeelewa, jibu linakuja jioni nimeshasahau niliuliza nini. Wengine wananionyesha kidole gumba tu, kidole bila mutu. Mimi mutu nikimufundisha kukata maziwa yaliyoganda nashika mukono wake, akikosea nampiga kidogo, anajua. Sasa huyu wa mu telefone nitamupiga wapi? Na harufu je? Fromaji ikianza kuharibika pua ndiyo inajua kwanza, na telefone haina pua. Kuna mumoja alimwaga dawa ya kugandisha mu maziwa yanayochemka, akatuma picha ya ule uchafu akingoja sifa. Nikamwambia hata nguruwe ya jirani yake itaomba chakula kingine. Deborah akanikanya kwamba wote wanasikia, hata muke wake. Nikasema vizuri, muke wake amuzuie asiharibu maziwa tena.

Lakini kati yao kulikuwa na mumoja, unamujua. Jina Gisubizo, picha yake ng'ombe mwenye pembe ndefu. Sauti ya mwanamuke kijana, yenye heshima. Huyu alikuwa anashika kila kitu mara moja. Fromaji yake ilikuwa inakaa sawa, haina matundu makubwa, haina machozi. Nikamupenda, ijapokuwa sikumwambia, mutu ukimusifu anaharibika. Kitu kimoja tu kilikuwa kinanichoma. Wote walikuwa wananiita Mama Mukamugema asubuhi njema, Mama Mukamugema maziwa yangu yamekataa. Yeye hakulitaja jina langu hata siku moja. Alikuwa anazunguka: mwenye mikono, muzee wetu wa Ndosho, ule anayetufundisha.

Ikafika siku ya mutihani. Papa Hilaire akaomba kila mutu atume vokali, sauti yake, aseme jina lake, aseme nani alimufundisha, kisha aeleze kazi mwanzo mpaka mwisho. Gisubizo alieleza kazi vizuri kupita wote, lakini kwa jina la mwalimu akasema amefundishwa na mwenye mikono. Papa Hilaire akamwambia arudie, ataje jina, ni la kuandikwa kwenye breve, ile karatasi ya kufaulu. Akarudia vile vile: mwenye mikono. Wengine wakaanza kumuchokoza kwamba ana majivuno, kwamba amesahau jina la aliyemulisha. Papa Hilaire akakata: hakuna jina, hakuna breve. Na bila breve depo haitanunua fromaji yake. Yeye akajibu kwa sauti ndogo kwamba basi, akose. Mimi nilikasirika, Perpétue. Miezi yote napiga kelele mu kile chuma, na huyu mutoto anashindwa kunitaja?

Wiki ile ile akatuma video ya fromaji yake ya mwisho, kuomba msamaha nafikiri. Mikono yake inabonyeza, inabonyeza. Mara mukono mwingine ukaingia, mukono wa mwanaume, ukafunga kitambaa cha fromaji. Kwa kushoto. Ukazungusha ncha mara mbili na kuisukuma chini, kwa kushoto. Nikapiga kelele mu grupu, bila kufikiri, kwamba ni nani huyo anayefunga kwa kushoto, mimi mutoto mumoja tu nilimupiga kwa sababu ya kufunga hivyo na hakuacha. Nilipomwambia Deborah airudishe nione tena, video haikuwepo. Akasoma kwamba meseji imefutwa. Na palepale, chini yake, Perpétue ametoka mu grupu.

Nimekaa na hiyo kitu kifuani. Naikoroga pamoja na maziwa. Ni nani mu dunia hii anayekataa kutaja jina la mwanamuke muzee, hata wakimucheka, hata akose kazi? Wewe na mimi tunajua. Kwetu mwanamuke aliyeolewa hataji jina la mama-mukwe wake. Mimi mwenyewe mama-mukwe wangu nilimuzunguka mpaka wakamuzika. Nikamwambia Deborah apande juu kabisa mu telefone, aone nani alimuingiza Gisubizo mu grupu. Akasoma: Perpétue.

Mimi niko na mutoto mwanaume mumoja tu, Perpétue. Tulimulilia wote wawili, wewe na mimi, tangu volkano ilipotoka na tukakimbilia Sake na yeye hakuonekana. Watu walisema moto ulimukuta. Tulikaa kilio bila maiti. Wewe ulilala kwenye mukeka wangu, ulikuwa unaniletea uji. Siku ile ulikuwa unajua kwamba yuko muzima? Ao ulijua baadaye? Alikuwa ameenda kwa wale vijana wa bunduki, siyo? Na sasa ameacha, ameoa, anakamua ng'ombe karibu na nyumba yako? Ao siyo yeye, ni mutu mwingine wa kushoto, na mimi nimezeeka nimeanza kuona wafu mu telefone? Na kama alioa, nani alipeleka ng'ombe kwa wakwe? Wewe? Na kama huyo binti ni mjane wake tu, mbona hukuniambia hata hilo? Kichwa changu kimejaa. Deborah sijamwambia kitu. Kama nimekosea, sitaki amulilie mjomba wake mara ya pili.

Najua mulichoogopa. Nilisema mbele ya familia yote kwamba mutoto wangu akishika bunduki asikanyage nyumba yangu. Nilisema, na neno hilo silirudishi, mimi siyo mutu wa kumeza mate niliyotema. Lakini nilisema nyumba. Grupu haikuwepo wakati ule, sikuitaja.

Papa Hilaire nimeshamwambia ampe Gisubizo breve yake, na ole wake aniulize sababu. Wewe umusalimie huyo binti, umwambie aendelee kunizunguka, ananizunguka vizuri. Salimia bwana yako, salimia ng'ombe waliobaki.

Sasa sikia. Hii barua ikikufikia, uirudishe ile namba yako mu grupu, na usalimie watu unapoingia. Kisha uende kwa yule anayefunga kwa kushoto. Sura asionyeshe. Afunge kitambaa mbele ya telefone, polepole, na asifute.

Mimi yaya wako, mukubwa wako,
Mukamugema