Leo Nimecheza Nafasi ya Shee

Jumamosi, Ras Kamboni. Upepo umelala tangu alfajiri, na joto limetanda juu ya mchanga mpaka vitu vya mbali vinaonekana vinaelea. Siku nzima niko kama mtu aliyeamka nusu. Naandika kwenye simu. Mtandao wa upande wa Kenya ukinishika, nitaiweka hii bloguni, shajara yangu isiyosomwa na mtu, kama zile nyingine.

Shee ameondoka.

Shee ni mdogo wangu, na ndiye ndugu pekee niliyekuwa naye hapa. Wenye bunduki walipoingia kisiwani kwetu Fuma wakachukua mashine za boti na nyavu, tulikimbilia huku; mama akatangulia Kiunga, upande wa Kenya, na shangazi, sisi wawili tukabaki kungoja usafiri. Jana nahodha mmoja akasema ana nafasi ya mtu mmoja tu, safari ni asubuhi maji yakijaa. Nikamwambia Shee aende yeye. Akakataa. Unajua alisema nini, shajara yangu? "Kaka, kesho tuna mechi."

Mechi! Nchi inaungua, yeye anawaza magongo.

Lakini namwelewa. Maji yakipwa hapa ufuo huwa mgumu na bapa, unang'aa kama sakafu iliyopigwa deki, nasi hucheza mpira wa magongo juu yake. Saa hiyo hakuna vita. Kuna mwanga tu, na nyayo zetu, na mlio wa mbao kwa mbao. Magongo tumechonga wenyewe kwa vipande vya mbao zilizopinda ambavyo mafundi wa mashua hawavitaki tena. Kochi wetu, Bwana Athmani, alijifunza mchezo huu Mombasa alipokuwa mkimbizi miaka ya mwanzo ya vita, na ukali wake si wa kusimuliwa. Ukiinua gongo juu ya bega, unatoka. Ukibishana na refa, unatoka. Ukichelewa mazoezi, hata kama ulikwenda kutafuta maji ya kunywa, utakaa chini utazame wenzako.

Tena ana sheria moja niliyokuwa naiona ya kichaa: kila nafasi uwanjani lazima ijulikane na watu watatu. "Wachu watatu," husema kwa Kibajuni chetu, "maana hapa boti haziagi."

Katikati ya uwanja, wa kwanza alikuwa Shee. Wa pili ni mimi. Wa tatu ni Kombo muuza chai, ambaye akikimbia kidogo tu anashika kiuno.

Niseme ukweli, hapa hanisikii mtu. Miezi yote hii nimekaa benchi nikimtazama mdogo wangu akicheza nafasi ninayoitaka mimi. Nampenda, wallahi. Na wivu ninao. Jana nilipomwambia apande boti, sijui ni moyo wangu upi uliosema, na hilo limeninyima raha.

Asubuhi alisimama maji yakimfika magotini, akiniangalia, hapandi. Nikamwambia mama anamngoja, na nafasi yake ina watu. Akapanda. Mimi nikageuka kabla mashine haijawaka, nisije nikamwita arudi.

Alasiri maji yakapwa, tukaingia uwanjani.

Tulicheza na vijana waliokimbia kutoka Kismayo mjini, wanaolala kwenye jengo la shule kuukuu. Wana vipaji hao, we acha tu! Yule mrefu wao mpira ukishamfika gongoni, kuutoa ni kazi. Lakini wenzao wawili wameondoka wiki hii na hawakuwa na wa kuziba nafasi zao, kwa hiyo wakacheza pungufu. Sisi tumeondokewa na wengi zaidi, ila mgeni akitutazama asingejua. Kila aliyekwenda, wa nyuma yake amesogea mbele.

Nami nikasogea. Nilicheza kama niko ndotoni. Miguu ilikuwa yangu, lakini mpira ulinijia mahali ambapo humjia Shee, nikaugusa kama yeye anavyougusa, nikampa mtu wa kulia, akafunga. Lo! Nikaanza kujiona.

Hapo hapo Bwana Athmani akaita jina langu. Nitoke, Kombo aingie.

Ebo! Mimi? Nimepamba moto hivi? Mdomo ulishafunguka nibishe. Nikaufunga, nikatoka.

Kombo hata hakukimbia. Alisimama palepale katikati, gongo chini, akiziba njia kama tulivyofundishwa. Yule mrefu alijaribu huku, akajaribu kule, mwisho hasira zikampanda, akainua gongo juu kabisa, refa akamtoa. Wenzake wakaanza kulaumiana kwa Kisomali. Tukafunga la pili, mechi ikaisha.

Simu ikalia nikiwa bado natweta. Namba ya mama. Nikakaa chini mchangani, nikapokea.

Alikuwa Shee. Wamefika salama. Mama nyuma alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Na swali la kwanza la Shee, "Nafasi yangu kacheza nani?" Nikamwambia mimi, halafu Kombo. Akauliza: "Kombo?" Tukacheka mpaka salio likaisha, na nikajua kwamba moyo uliompandisha botini ulikuwa ule mzuri. Au mzuri zaidi kidogo. Inanitosha.

Bwana Athmani akanipita akiokota magongo. Akaniambia nianze kumfundisha mtu mwengine nafasi ya katikati, kwa sababu tumebaki wawili. Nikamjibu hakuna haraka, mimi sina boti wala dalili ya boti.

"Utakwenda," akasema. "Au ulidhani nafundisha watatu watatu kwa ajili ya mabao?"

Akaendelea kuokota magongo yake.

Nimekaa hapa tangu saa ile, maji yanarudi taratibu na yameshafuta mistari ya uwanja. Maishani sijawahi kufurahi hivi kuambiwa nitafute wa kuziba nafasi yangu. Nawaza nimchukue nani.

Nadhani kesho nitakwenda kule shuleni kumwita yule mrefu. Timu yake inazidi kupungua, na miguu anayo. Nitaanza kwa kumfundisha kuweka gongo chini.